Vipindi vya uhalisia si takataka, lakini kuna mtu hulipa

Juzi niliweka video fupi nikisema kwamba vipindi vya uhalisia, hizi rialiti shoo zetu, vimetufunza Wanaafrika Mashariki mambo ambayo darasa halikutufunza. Komenti ya kwanza ilifika kabla sijaweka simu chini: "Si ajabu uliacha chuo." Hiyo komenti ilipata likes nyingi kuliko video yenyewe. Nilicheka, lakini ilinidunga.

Kwa hivyo leo sifanyi video. Naandika, kwa sababu stori hii ina miaka mingi na majina mengi, na sekunde sitini hazitoshi. Pia kuna jambo langu mwenyewe ndani yake ambalo siwezi kulisema nikiangalia kamera. Nitalifikia. Nivumilieni.

Tuanze na TV ya wazazi wetu. Muulize mtu yeyote aliyekuwa na TV Kenya miaka ya themanini, atakwambia taarifa ya habari ilianza na Rais. Rais amefungua shule, Rais ameenda kanisani, Rais amepokea wageni Ikulu. Kituo kilikuwa kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambacho kilirudia jina la KBC mwaka 1989. KTN ikaingia 1990 kama kituo cha kwanza cha binafsi. Lakini sura zilizokaa kwenye skrini zilikuwa zile zile: mkubwa, mtangazaji, mwigizaji. Mtu wa kawaida alionekana akipunga mkono kando ya barabara msafara ukipita, ama akilia baada ya mafuriko. Anaonekana sekunde tatu na jina lake halitajwi.

Shikilia hiyo picha. Ukiisahau, hutaelewa kwa nini watu walichizika na vipindi hivi vilipokuja.

Mambo hayakuanzia kwetu. Mwaka 1971 kamera ziliingia nyumbani kwa familia moja ya Marekani, familia ya Loud, kule Santa Barbara, California. Zilikaa humo miezi saba. Mwaka 1973 kituo cha umma cha PBS kikaonyesha matokeo yake, vipindi 12 vilivyoitwa An American Family. Watazamaji walimwona mama wa nyumba, Pat Loud, akimwambia mumewe atoke. Walimwona kijana wao Lance akiishi waziwazi kama shoga, wakati ambapo TV ya huko haikuthubutu kugusa jambo hilo. Mwanaanthropolojia Margaret Mead aliandika kwamba kitu hiki kilikuwa kipya na kizito kama kuzaliwa kwa tamthilia au riwaya. Wengine walisema ni aibu tupu.

Lakini kuna hesabu moja nataka uibebe hadi mwisho wa makala hii. Waliorekodi walipata kama saa 300 za filamu. Zilizoonyeshwa ni saa 12. Kila saa moja uliyoona ilikuwa na saa ishirini na nne zilizobaki kwenye makopo. Familia ya Loud yenyewe ililalamika: yaliyoonyeshwa yalitokea kweli, ila yalivyopangwa, watu waliotoka hapo hawakuwa wao. Hakuna aliyedanganya. Waliokata filamu walichagua tu, na kuchagua ndiko kulikoleta shida.

Miaka ikasonga. Mwaka 1999 Uholanzi wakaanzisha Big Brother, wazo la John de Mol na kampuni ya Endemol. Jina lilitoka kwenye riwaya ya George Orwell, 1984, ambamo Kaka Mkubwa ni mtawala anayekuchungulia mpaka sebuleni. Orwell aliandika kututahadharisha, na miaka hamsini baadaye watu wakapanga foleni kuomba kuchunguliwa. Kejeli hiyo inatosha kumfanya mtu acharuke. Lakini mimi swali langu ni lingine: kwa nini walipanga foleni?

Jibu letu lilikuja mwaka 2003, mwaka niliozaliwa mimi.

Mei mwaka huo, Big Brother Africa ya kwanza ilifunguliwa Afrika Kusini. Vijana 12 kutoka nchi 12: Angola, Botswana, Ghana, Kenya, Malawi, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Siku 106 ndani ya nyumba moja, zawadi dola 100,000. Kenya alikuwako Alex Holi, Tanzania Mwisho Mwampamba, na Uganda Gaetano Kaggwa, ambaye mapenzi yake na Abby Plaatjes wa Afrika Kusini yaliongelewa kuliko bajeti ya serikali yoyote. Mathe wangu alikuwa na mimba yangu. Anasema walikuwa wanaenda kwa jirani mwenye dishi, wanakaa sakafuni, na yeye ndiye alipewa kiti kwa sababu ya tumbo.

Unajua nani hawakufurahi? Wakubwa. Bunge la Malawi lilipiga kura kipindi kiondolewe hewani, na mahakama kuu ya huko baadaye ikaitupa hiyo marufuku. Namibia, Rais Sam Nujoma alitaka shirika la utangazaji la taifa liache kukionyesha na lionyeshe historia ya nchi badala yake. Sababu iliyotajwa ilikuwa maadili, na tusijifanye, mle ndani kulikuwa na bafu na kamera ndani ya bafu. Hoja ya maadili haikuwa ya kijinga.

Lakini fikiria pia kile mtazamaji wa kawaida alikiona. Mara ya kwanza maishani, mtu wa Kisumu ama Mbeya alimwona Mzambia akipika, akinuna, akikosa usingizi, akiosha vyombo vya wengine kwa hasira. Waafrika ambao hawakuwa na njaa, hawakuwa vitani, hawakuwa wanahutubia. Walikuwa tu. Taarifa ya habari ilikuwa imetupa Afrika ya marais na wakimbizi, na hiki kipindi kikatupa Afrika ya watu wanaogombania sukari. Mshindi alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, na waliompigia kura hawakuwa Wazambia peke yao. Miaka iliyofuata Tanzania ikashinda mara mbili, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, Idris akibeba dola 300,000.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwenye kile kipindi ambacho hata wapinzani wa hivi vipindi wakikumbuka hutabasamu. Tusker Project Fame ilianza 2006. Wanafunzi wa muziki wanafungiwa kwenye akademia Nairobi, wanafunzwa kuimba na kucheza, wikendi wanapanda jukwaani, majaji wanawachambua, walio hatarini wanaombewa kura kwa SMS. Mtangazaji alikuwa nani? Yule yule Gaetano wa nyumba ya Big Brother. Yaani mtu aliyeingia kwenye TV kama kijana wa kuchunguliwa akatoka na kazi kwenye TV. Mshindi wa kwanza akawa Valerie Kimani wa Kenya.

Mathe ana saluni ndogo Nakuru. TV ya saluni ndiyo iliyonilea, na kwa kweli Project Fame naikumbuka kupitia midomo ya wateja zaidi ya skrini. Mtu yuko chini ya draya, hasikii kitu, lakini akimwona jaji Ian Mbugua akikunja uso anatoa kichwa nje: "Amesema nini? Amesema nini huyo?" Halafu mjadala. Je, ukweli unaoumiza ni msaada ama ni dharau? Je, mtoto wa watu ambaye hajui kuimba aambiwe lini? Wale kina mama walikuwa wakijadili malezi, haki na heshima, bila mwalimu, huku wakisukwa.

Na angalia orodha ya washindi. 2006 Kenya. 2008 Uganda, Esther Nabaasa. 2009 Rwanda, Alpha Rwirangira, na shilingi milioni 5 mfukoni. 2010 Uganda tena, Davis Ntare. 2012 Kenya, Ruth Matete. 2013 Burundi, Hope Irakoze. Rwanda na Burundi zilikuwa zimejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tu. Wakati mawaziri wanavaa suti kusaini itifaki ya soko la pamoja Novemba 2009, watu wa kawaida walikuwa tayari wamejua jina la kijana wa Kigali, wameimba naye, wametuma kredo yao ya mwisho kumwokoa. Mimi nilijua Bujumbura ni mji kwa sababu ya Hope, nikiwa na miaka kumi, kabla mwalimu hajafika ukurasa huo.

Halafu kuna huo mwaka 2008. Kenya tuliuanza tukiuana kwa sababu ya matokeo ya kura. Nakuru yetu iliungua, mathe huwa haongelei hiyo miezi. Mwaka huo huo, kipindi cha burudani kikaomba kura kutoka nchi hizi zetu, kura zikahesabiwa, mshindi akatoka Uganda, na Wakenya wakanung'unika, wakalala, wakaamka. Sitaki kuikuza zaidi ya ilivyo. Kura ya SMS si kura ya kweli: mwenye kredo nyingi ana sauti kubwa, na kampuni inakula kila ujumbe. Lakini kuzoea kwamba wako anaweza kushindwa na maisha yakaendelea, hilo ni zoezi. Na mwaka huo tulilihitaji.

Kwa hivyo mtu akiniambia vipindi vya uhalisia havina maana, namuuliza ni kipi anaongelea. Shamba Shape Up, kilichoanza 2012, pia ni hicho hicho: kamera inaenda kwa mkulima mdogo, timu inakaa hapo siku kadhaa, wanapima udongo, wanajenga banda la kuku, wanaonyesha jinsi ya kuhifadhi mahindi yasioze. Kipindi kinaenda hewani kwa Kiswahili na Kiingereza, na mtazamaji aliweza kutuma SMS atumiwe kijikaratasi cha maelezo. Kule hakuna ugomvi wa wivu. Lakini mvuto ni ule ule: kuona mtu kama wewe, mwenye shida kama yako, na kutaka kujua itaishaje. Lions' Den, kilichofika Kenya 2016, kikafanya hivyo kwa biashara: mtu anasimama mbele ya matajiri kuomba mtaji, na wewe sebuleni unajifunza kwamba mauzo si faida.

Nadhani hapo ndipo mvuto wenyewe ulipo. Babu zetu walikaa barazani wakitazama wapita njia, wakijua nani ameachana na nani na kwa nini. Ukihamia ploti ya Nairobi, baraza linaisha. Jirani humjui jina. Kipindi cha uhalisia kikawa baraza la watu wasio na baraza. Tunasema umbea, na ni umbea kweli, lakini umbea ndio njia ya zamani ya jamii kukubaliana kipi ni sawa na kipi kimezidi.

Februari 2023 The Real Housewives of Nairobi ikaingia Showmax, tawi la mti ulioanzia Orange County, California, mwaka 2006. Mtandaoni tulilia: hii si Nairobi, Nairobi gani haina foleni ya matatu? Halafu tukatazama hadi mwisho. Mimi pia. Na hapo ndipo nilianza kuona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nimekiruka.

Wale kina mama walijua kinachoendelea. Walikuwa na mikataba. Walijua kamera iko wapi, walijua sura ya hasira ni mtaji, wengine waliingia wakiwa tayari wanauza vitu mtandaoni. Wanaweza kuumia, lakini waliingia mlangoni kwa miguu yao na bei ilishaandikwa.

Si kila mtu huwa hivyo. Mwaka 1997, Sweden, kulikuwa na kipindi cha watu kuachwa kisiwani, Expedition Robinson, ambacho ndicho mzee wa Survivor zote. Mshiriki wa kwanza kutolewa alirudi nyumbani, na kabla kipindi hakijaonyeshwa, akajiua. Wa kwake walisema alihofia jinsi angeonekana baada ya filamu kukatwa. Kipindi kiliendelea na kikawa maarufu duniani. Nikiongea kuhusu thamani ya vipindi hivi bila kumtaja mtu huyo, nitakuwa nimefanya kile kile waliofanya waliokata filamu.

Sasa lile jambo langu.

Niliacha chuo mwisho wa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na kusema ukweli, moyo pia ulikuwa umetoka. Nilienda Nakuru kumwambia mathe. Na kwa sababu tayari nilikuwa natengeneza video, niliegemeza simu kwenye kabati, nikabonyeza rekodi. Nilijiambia ni kumbukumbu tu.

Ilirekodi dakika 41. Ndani yake mathe alinyamaza muda mrefu sana. Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba aliuza draya mbili za saluni kulipa karo ya muhula wa kwanza. Akalia kidogo. Kisha kwa karibu dakika moja akalipuka: akanifokea, akasema nitoke kwake. Baada ya hapo akakaa chini, akanishika mkono, akaniombea.

Niliweka mtandaoni sekunde 58. Unajua ni zipi.

Ile video ndiyo iliyonitoa. Wafuasi wakaja kwa maelfu, kampuni moja ikaniita tangazo la kwanza, nikalipa kodi ya nyumba miezi mitatu. Na mathe akaanza kupata wateja wapya saluni ambao hawakuja kusukwa. Walikuja kumwona "mama wa toka kwangu." Wengine walichukua picha. Mmoja alimwambia usoni kwamba watoto huharibika kwa sababu ya mama kama yeye. Mathe hakunigombeza. Aliniuliza tu, siku moja kwa simu, taratibu: "Si ungeacha hata pale nilikuuliza kama umekula?"

Saa 300 zikawa 12. Dakika 41 zikawa sekunde 58. Mimi ambaye siku zote najiona mtazamaji, kumbe ndiye mkataji wa filamu. Na familia ya Loud angalau ilifungua mlango ikijua kamera zinaingia. Mamangu hakukubali chochote.

Bado nasimama na ile video ya juzi. Vipindi vya uhalisia vilimpa mtu wa kawaida jina kwenye skrini iliyokuwa ya wakubwa, vikatufanya tujuane mpaka Bujumbura, vikatupa baraza. Hiyo si takataka. Lakini siku hizi huhitaji tena nyumba ya kamera Johannesburg wala akademia Nairobi. Nyumba ya kamera ni kwenu, na kila mwenye simu ni Endemol. Zile kampuni kubwa tulizozoea kulaumu angalau zilikuwa na wakili, fomu, na mtu wa kushtakiwa. Sisi tuna kitufe cha kupost tu. Tunarekodi shosho amelala mdomo wazi, mtoto analia, mlinzi wa geti anakosea Kiingereza, na tunaita kontenti.

Sisemi tuache. Mimi hii ndiyo kazi yangu na sina nyingine. Ila nimejiwekea sheria moja: mtu yeyote akionekana kwangu, anaona video iliyokatwa kabla yenu, na akisema hapana, ni hapana, hata kama ingenilipia kodi mwaka mzima. Nimeshapoteza video mbili hivyo. Moja ilikuwa moto kweli, bado inaniuma.

Ile ya mathe niliitoa jana usiku. Najua nakala zinazunguka kwenye kurasa zingine, siwezi kuzifikia zote. Kama uko na moja, nakuomba uifute, tafadhali.

Na makala hii nimemsomea yote kwa simu kabla ya kuiweka. Alisikiliza bila kunikatiza, saluni ikiwa na kelele nyuma yake. Nilipomaliza akasema ni sawa, niiweke, lakini nirekebishe mahali pamoja. Draya zilikuwa tatu, si mbili.